Fimbo ya Baba

Jumatano, Nyanungu

Wiki nzima nimekuwa nikimnyang'anya baba fimbo yake ya kuchungia ng'ombe. Kila nilipomkuta kitandani ameiinamia, mikono yote miwili juu yake, nilidhani anataka kuinuka aende malishoni. Nikawa namlaza chali kwa nguvu. Ananitolea macho tu.

Leo nesi wa zahanati amekuja. Akatazama shingo inavyokakamaa na mbavu zinavyobonyea, akauliza fimbo aliyomwona akiiegemea safari iliyopita iko wapi. Mapafu yamechoka, alisema. Akiegemea kitu, misuli ya mabega na kifua inayasaidia kuvuta hewa.

Kumbe nilikuwa namnyima pumzi. Mimi, binti yake.

Nimemrudishia. Akaiegemea, akavuta hewa mara tatu ndipo akapata sauti.

"Asante, mama."

Laiti angenigombeza.