Ndovu wa Mtito, Lifti ya Kiboko

Jumanne, mwezi wa nane, 1987. Vumbi tangu asubuhi, na upepo baridi.

Kwanza niandike jambo la kweli. Mchezo wangu wa Njia ya Mombasa hauna kasoro. Niliubuni mwenyewe, nikauchora mwenyewe kwenye plaiwudi, na niliucheza mpaka mwisho kabla ya kumuuzia mtu.

Uongo.

Sijawahi kufika Mombasa kwenye ubao ule. Mke wangu alikataa kucheza nami, eti mimi ni mwizi wa dadu. Nikishindanisha mkono wa kulia na wa kushoto, wa kulia ukitangulia kidogo tu naweka ubao kando, naenda kunywa chai.

Mchezo wenyewe ni rahisi. Kila mtu na kizibo chake cha soda, unarusha dadu, unatoka Nairobi. Penye Mtito Andei nilichora ndovu amelala barabarani: rudi nyuma, mpaka kituo cha Kiboko. Lakini pale Kiboko nilikuwa nimeshaandika, siku nyingine nikiwa na furaha zangu: umepata lifti, nenda Mtito Andei. Basi. Lifti inakupeleka kwa ndovu, ndovu anakurudisha kwa lifti. Ukiingia hapo, wajukuu wako watakukuta hapo.

Mama Ndinda, mwenye hoteli pale Mtito, alinunua ubao mmoja ili madereva wacheze wakingoja chakula. Mwanzoni walicheka. Halafu Abdi, dereva wa lori la ng'ombe, akanaswa na ndovu jioni moja, na asubuhi yake lori likakatika ekseli mbele kidogo ya hoteli. Sasa madereva wanasema ubao unashika watu. Wanapiga honi na kupita. Chapati za Mama Ndinda zinalala.

Leo asubuhi alinijia.

"Mzee Kioko, kuja utengeneze kitu chako."

Nami, kwa mdomo huu huu: "Mwaitu, mama yangu, kuuza ni kuuza. Nikikuuzia mbuzi akavunjika mguu kwako, nije nimfunge bandeji?"

"Akivunjikia kwangu, hapana. Huyu ulimleta akichechemea, ukamshikilia nisimwone akitembea."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akasema kesho twende kwa wazee, niape kwa kithitu, kile kitu cha kiapo cha Wakamba, maneno yale yale niliyomwambia siku ya kuuza: niliucheza mpaka mwisho, sikuona ubaya.

Kithitu.

Mimi ni mtu wa mizaha. Nimemcheka chifu. Nimemcheka mhubiri wa mke wangu akiwa bado ameinamisha kichwa. Kithitu sijawahi kukicheka. Ukiapa uongo mbele yake hakianzi na wewe. Kinapita kwa watoto kwanza, kinakuacha mwisho ili uone. Na Mueni wangu ana mimba, yuko Nunguni kwa mumewe, hajui baba yake amechora nini.

Kisa chote ni rangi kidogo! Lakini nikifuta nimekiri, na mbao nyingine nimeuza mpaka Kiboko. Wote watakuja na mbuzi wao wanaochechemea.

Kitu kikishatoka mkononi mwangu, kasoro yake inaenda nacho au inabaki yangu? Mchana nilikuwa na jibu zuri sana. Sasa jua linashuka, na naona kasoro inajua njia ya kurudi nyumbani.

Nimemwambia mke wangu. Hakuinua kichwa kwenye kunde alizokuwa anachambua. "Baba Mueni, brashi ni nyepesi kuliko jeneza."

Basi nitaenda mapema, kabla wazee hawajaketi. Nitafuta lifti ya Kiboko. Ndovu abaki, nilimchora vizuri. Kufuta si kazi. Kazi ni kumwangalia Mama Ndinda usoni, wateja wachache waliobaki wakisikia, na kusema: sikuucheza.

Mbithi wa bucha, jirani yangu, nakuandikia hapa kwanza ili asubuhi nisimeze maneno. Nilikuchorea fahali ukutani bure, ukasema siku nikiwa na shida nikuite. Fahali yule ana miguu mitano na hujawahi kulalamika, Mungu akubariki. Sasa siku imefika. Nisindikize mpaka mlango wa hoteli.

Halafu ingia wewe kwanza.