Mume Wangu Ameitoa Laptop Yenye Harusi za Wanawake

Mpendwa Bi Sijaona, asalaam aleikum, naomba msaada wako upesi maana nina hasira, na nisipokuandikia leo nitasema neno litakalovunja nyumba yangu.

Mimi ni mwanamke wa Buyenzi, kazi yangu ni kupiga video za harusi, lakini ni ule upande wa wanawake tu, pale ambapo simu zinakusanywa mlangoni kwenye beseni na hata kaka wa bibi harusi haruhusiwi kuchungulia, na wanawake wanavua mitandio wanacheza mpaka jasho linawatoka kwa sababu wanajua mwenye kamera ni mimi, na video nitaitengeneza mimi peke yangu kwenye laptop yangu, kisha bibi harusi anapewa mkononi. Nimeifanya kazi hii tangu sijaolewa na hakuna picha hata moja niliyoipiga iliyowahi kuonekana kwenye simu ya mwanamume.

Sasa nilikuwa katikati ya kutengeneza harusi ya Hayat, binti wa mtaa wa Gihosha, skrini ikawa nyeusi, taa inawaka, feni inazunguka, lakini hakuna kinachoonekana, nikaizima nikaiwasha, vilevile. Nikasema nitatafuta fundi, tena nitakaa naye hapohapo mpaka amalize. Mume wangu Anouar hakusubiri. Nilikuwa sokoni, akaibeba akaipeleka mtaa wa Asiatique kwa rafiki yake Moubarak anayetengeneza kompyuta, akamwachia, akarudi kuniambia kwamba ni carte mère, ule ubao mkubwa wa ndani ambao kila kitu kimeshikizwa juu yake, umeungua, na kupata mwingine wa aina ileile hapa Bujumbura ni taabu, kwa hiyo Moubarak atatupatia laptop yake nyingine inayofanya kazi na sisi tumwachie yetu nzima aitoe vipuri. Wameshapeana mikono, Ijumaa baada ya swala Anouar anaenda kuichukua.

Nikamwuliza, na harusi za watu zilizomo ndani? Akacheka. "We unaogopa maiti? Carte mère ikishakufa, yote ya ndani imekufa. Na tena uliweka mot de passe, ile neno ya siri, nani ataingia?" Nikamwambia nataka mashine yangu irudi kama ilivyo. "Mi nishatoa neno yangu mbele ya watu," akasema. "Unataka wanione mutu wa kuongozwa na bibi yake?" Nikakimbilia kwa mama mkwe nikidhani mwanamke mwenzangu atanielewa, naye akaniambia, "Ukienda kumunyang'anya Moubarak ile mashine, umemuvua mwanangu nguo mbele ya wanaume wenzake. Tulia, mukwe wangu."

Juzi huyo Moubarak alipita nyumbani, nikamsikia barazani akimwambia mume wangu, "Bibi yako anajua kazi. Ile gauni ya kijani ya Hayat imetokea muzuri sana." Nilishtuka kidogo, maana gauni la kijani Hayat alilivaa kule ndani kwa wanawake tu, lakini nikajituliza kwamba labda dada yake Moubarak alikuwepo akamsimulia.

Na Hayat ananipigia kila siku, "Dada, video yangu iko wapi? Mama anauliza," na mimi namjibu mashine inasafishwa. Bi Sijaona, nivunje neno la mume wangu nionekane mke asiye na adabu, au ninyamaze nimwachie Mungu?

Mwenye kamera, Buyenzi

*

Mwenye kamera, waleikum salaam. Barua yako ilikuwa chini ya rundo, nimeivuta juu kwa sababu ya hiyo Ijumaa yenu. Majina yote nimeyabadilisha, hata la mume wako, ingawa yeye hakustahili.

Una haki ya kukasirika. Mimi pia nimekasirika, na sehemu ya hasira yangu ni juu yako wewe. Eti labda dada yake alimsimulia! Mwanamke mzima, mwenye macho ya kamera, unaandika hivyo? Mwanamume amelisifu gauni ambalo hakuna mwanamume aliyeliona, na laptop yenye gauni hilo iko mezani kwake. Hakusimuliwa na mtu. Ameangalia.

Nilimwita Adolphe, anayetutengenezea mashine hapa gazetini, nikamsomea maneno ya mume wako. Alitikisa kichwa. "Carte mère ni carte mère, disque ni disque," akaniambia. "Hii ikikufa, ile inabaki muzima. Unafungua na tournevis, ile bisibisi, unaitoa, unaiweka ku mashine ingine, unaona yote. Na ile mot de passe yake haizuie kitu." Umesikia? Harusi zako ziko kwenye diski, na diski hiyo ndiyo Anouar anataka kuigawa pamoja na vipuri. Kwa kutojua, sawa, lakini uliposema hakutaka kusikia, na hilo si kutojua tena.

Adolphe anasema pia kwamba mashine yenye taa na feni haizikwi haraka hivyo. Kwanza inaunganishwa na skrini nyingine, maana huenda kilichokufa ni kioo tu. Kisha zinatolewa barrettes za RAM, vile vibao vidogo vya kumbukumbu, zinapanguswa na kurudishwa moja moja. Hayo yakishindwa ndipo fundi mwaminifu anaitaja carte mère, na hata hapo unatafuta nyingine yenye namba ileile iliyoandikwa juu ya ubao, na unaiona ikiwaka mbele yako kabla hujaichukua. Moubarak alifanya lipi kati ya hayo? Hukuniandikia, na sidhani kama mume wako aliuliza.

Mama mkwe wako anasema utamvua mwanawe nguo. Mwambie kwa heshima zote kwamba kuna wanawake chumba kizima ambao mwanawe amewavua tayari, na yeye anaona haya kwa ajili ya mwanamume mmoja.

Kwa hiyo usingoje Ijumaa. Nenda Asiatique leo, nenda na shangazi yako au mwanamke yeyote mwenye sauti, umwambie Moubarak afungue mashine mbele yenu na kukupa diski mkononi. Akisema diski imeharibika, mwambie akupe hivyohivyo. Akikataa, useme kwa sauti pale dukani alilisifu gauni gani. Anouar akinuna, anune. Neno alilotoa lilikuwa juu ya mali ambayo si yake, na neno la namna hiyo halimfungi mtu.

Lakini diski mkononi haikurudishii alichokwisha kukiona, wala hujui kama amebaki na nakala. Ndiyo sababu leo hiihii, ukitoka Asiatique, unapanda Gihosha kwa Hayat. Hilo la mashine kusafishwa lilikuwa uongo na liishe leo. Mwambie yeye na mama yake kwamba mwanamume ameona, bila labda. Wao ndio wataamua kama wataenda kwa imamu au polisi, na popote watakapoamua utafuatana nao ukatoe ushahidi. Atalia, pengine atakutukana. Usijitetee na usijifiche nyuma ya mume wako. Wale wanawake hawakumjua Anouar wala Moubarak. Walikutazama wewe, wakavua mitandio.