Kijani Kisichoaminika

Shinyanga Mjini

Kaka Raphael,

Shikamoo. Huku mvua imeanza na mama keshapanda viazi. Nakuandikia kwenye karatasi kwa kuwa simu yangu ni ya ofisi.

Ile programu ya simu inayowaonyesha ninyi wachimbaji hali ya hewa ya shimoni, ofisi yetu ndiyo inayoipima. Kompyuta huidanganya kwamba hewa imechafuka, kisha hukagua kama kioo cha simu kimekuwa chekundu, yaani hatari. Juzi kilibaki kijani. Nikamwambia bosi, Marcelino.

"Ni rangi tu, Anisia."

Jana kipimo kikafaulu. Nikachungulia: programu haijarekebishwa, ila kipimo kimebadilishwa kikubali kijani. Nikamuuliza Marcelino ni nani kafanya hivyo.

"Mwenye mashimo hataki kazi isimame kila mara," akasema, akinitazama sana.

Sijui wanaficha nini kingine. Leo nimepeleka ushahidi ofisi ya madini. Wameahidi kuja kukagua. Kabla hawajafika, usishuke, hata simu ikiwaka kijani kama mpunga. Waambie na wenzako. Wifi Martina namwandikia kivyake, maana wewe ni mbishi.

Mdogo wako anayekuhitaji mzima,
Anisia