Matunda ya Kushoto

Jumatatu, 6 Mei

Mchezo wa maneno nimeutupa. Wa tatu huo. Papa anasema herufi zinamdanganya, eti neno linaanzia katikati. Aa wapi! Mutu aliyenifundisha kusoma kwa makaratasi ya sabuni, leo herufi zinamdanganya. Uvivu tu.

Nimefungua butiki, nimeuza chumvi na betri, kisha nikakaa na telefone kutafuta mchezo mwingine. Wateja wananiangalia kama mtoto. Waangalie.

Sina njia ingine. Tangu Mama afariki, Papa akiwa Ntoto na mimi hapa Kitshanga, simu zetu zinaisha kabla hazijaanza. "Niko muzuri, na weye?" "Niko muzuri." Basi. Habari za vita hazisemwi kwenye simu, nani anajua nani anasikiliza. Habari za Mama ndiyo kabisa. Hata mwezi uliopita, askari walipompiga Papa kitako cha bunduki kichwani kwenye barieri yao ya barabarani, nilisikia kwa watu wengine. Nilipomuuliza akasema ni kichwa kuuma kidogo, imeisha, na biashara inaenda namna gani. Njo maana natafuta mchezo. Tukicheza, angalau tutakuwa na kitu cha kugombania.

Jumanne, 7 Mei

Nimepata wa matunda. Unapanga matatu yanayofanana, yanapasuka, mpaka ubao wote uwe mtupu. Hauna maneno. Haukuli mega nyingi za intaneti. Kila mutu anacheza kwake, kisha mnalinganisha.

Mama Espe, anayeniletea maziwa kutoka Burungu, ameucheza juu ya meza yangu mpaka nikamkumbusha kuwa ana wateja wengine wanamngoja. "Hii kitu ni ya shetani," akasema, na akaomba nimwachie mara moja tena.

Jioni Papa amenitumia picha ya mchezo wake alioshindwa. Nimecheka peke yangu. Kuume amemaliza kila kitu, kushoto matunda yamejaa, hakuna aliyeyagusa. Nikamtumia sauti: Papa, hayo unamwachia nani? Hakujibu. Amenuna, namjua.

Alhamisi, 9 Mei

Mvua. Mizinga upande wa Burungu tangu asubuhi. Mama Espe hakuja. Rezo hakuna, simu haitoki wala haiingii. Nimepanga sabuni, nimepangua, nimepanga tena. Siwezi kukaa.

Jumamosi, 11 Mei

Dame! Mimi mujinga kweli. Natafuta mbali kitu kilichokuwa mlangoni.

Kila Jumapili baada ya misa, tukiwa bado Butembo, Papa alikuwa anaweka kikartoni cha dame mbele ya nyumba, amekichora miraba mwenyewe kwa makaa, na vizibo vya bia na vya soda ndiyo kete. Watu wanajaa. Kulikuwa na sheria mbili. Ya kwanza ni ya kila mutu: ukiwa na kete ya kula ukasahau kula, mwenzako anaipuliza, fuu, na kuitoa ubaoni. Umeadhibiwa. Watu wote wanapiga kelele, "Puliza! Puliza!" Sheria ya pili ilikuwa yake mwenyewe: dame haiachwi katikati. Siku Mama alipozaa mdogo wangu Kambale, walikuja kumwita Papa mara tatu, akasema anamalizia. Mama alimkumbusha jambo hilo mpaka anaingia kaburini.

Ya kwenye telefone inafaa kwetu. Mmoja anacheza, mwingine anajibu akipata rezo. Inamsubiri mutu siku tatu. Zikipita hajacheza, ameshindwa.

Papa amekubali haraka. Amepanda kile kilima nyuma ya kanisa lao, pale rezo inapokamata, na amenitumia sauti anacheka: "Masika, leo utalia." Cheko hilo sijalisikia tangu mazishi. Nimelirudia mara nyingi. Nafurahi, na ninaogopa kufurahi.

Jumapili, 12 Mei

Tumecheza michezo miwili. Wa kwanza amenipiga vibaya. Wa pili umekwama. Anasema mashine inakataa. Anasogeza kete, inarudi. Anasogeza ingine, inarudi.

Nikamweleza: Papa, hii haipulizi, hii inalazimisha. Ukiwa na ya kula, haikubali usogeze ingine. Tafuta ya kula.

"Hakuna ya kula."

Iko, Papa. Angalia vizuri.

"Masika, mimi njo nilikufundisha dame. Hakuna."

Ilikuwepo. Pembeni kabisa, kushoto kwake, mtoto wa miaka sita angeiona. Akasema mashine ni mbovu, akafunga. Nimekasirika. Kisha hasira ikatoka, ikabaki kitu kingine ambacho sikijui jina, na hakiniachi.

Jumanne, 14 Mei

Najua sasa.

Nilikuwa naosha masufuria. Neno linaloanzia katikati. Matunda yaliyobaki. Kete ya pembeni. Nikaacha masufuria na povu lake. Nikafungua ile picha ya matunda, nikafunika nusu ya kushoto ya telefone kwa kiganja. Mungu wangu. Alikuwa amemaliza. Papa alikuwa amesafisha ubao wote aliokuwa anauona.

Nikaenda kwenye ubao wa dame uliokwama Jumapili, nikafunika tena upande wake wa kushoto. Kweli hakuna ya kula.

Nimempigia. Bahati alikuwa kilimani. Nikamuuliza bila kuzunguka: Papa, tangu wakupige kichwa, kushoto unaona? Akawaka. Yeye si mutoto yangu. Yeye iko muzuri. Na Ijumaa anashuka Nyabiondo na piki yake kuchukua chumvi na mafuta, juu butiki yake ya kule imekauka, bidhaa zimeisha. Nikamwambia hapana. Akasema, "Ile njia naijua hata nikifunga macho," na akakata.

Ile njia naijua na mimi. Kutoka Ntoto, bonde liko kushoto mwendo mzima. Na kuna lile daraja la miti, ambapo hata mutu mwenye macho yake yote anashuka kwenye piki na kuisukuma.

Nimelia, nikamtukana, nikalia tena. Najua kwa nini anaficha. Kule, asiyeendesha piki hana butiki. Na mzee asiye na butiki anakuja kukaa kwa binti yake, apewe chakula. Hicho njo anaogopa, si bonde.

Jumatano, 15 Mei

Asubuhi nimempigia Kambale. Yeye ni motari kule Masisi, anabeba abiria kwa piki yake, na njia anazifahamu. Sikumaliza kueleza, ameniambia, "Yaya," ndivyo anavyoniita mimi dada yake, "naenda." Lakini kutoka Masisi mpaka Ntoto leo si safari ya kuhesabia. Barieri za hawa, barieri za wale, na mvua. Nikamuuliza atafika Ijumaa? Akasema Mungu akipenda. Jibu hilo silitaki.

Papa hapokei simu yangu. Ujumbe anausoma, hajibu. Lakini kwenye dame amecheza! Hasira yake haikufika huko. Ubao mpya, tulioanza Jumatatu. Kuume kwake ana mfalme, ananikimbiza. Nikicheza mara moja tu, popote, ananimaliza. Anajua. Ni zamu yangu.

Nilikuwa nanyoosha kidole kucheza. Nikakirudisha.

Dame haiachwi katikati.

Sichezi.

Alhamisi, 16 Mei

Saa mbili, ujumbe wake: "Cheza." Hakuna salamu.

Saa sita: "Umeogopa?"

Nikajibu, bado nafikiri, Papa.

Jioni akatuma sauti, anahema, kilima kimemchosha: "Nini ya kufikiri? Umekufa. Cheza nikuzike, niende kulala." Sauti ni ya mutu anayefurahi. Nimeisikiliza nikicheka na machozi yanashuka. Mama Espe aliyekuwa ananimiminia maziwa akauliza kama ni bwana mpya. Nikamwambia ni Papa. Akaniangalia, akaongeza kikombe kimoja.

Kambale: alivuka barieri mbili, ya tatu wamemzuia. Kisha rezo yake ikakatika. Natembea kutoka mlangoni mpaka kitandani, kutoka kitandani mpaka mlangoni. Simu mkononi. Kidole mbali na ubao.

Ijumaa, 17 Mei

Siku yake ya kwenda.

Alfajiri niko macho, sitaki hata kuswaki. Saa moja, hakuna. Saa mbili, hakuna. Nimejiona mujinga. Nani amesema mzee wa miaka sitini na nne ataacha safari ya chumvi kwa ajili ya mchezo wa telefone? Akilini nikaona piki chini bondeni, madumu ya mafuta yametawanyika. Nikauza sabuni nikasahau kupokea pesa.

Saa tatu na nusu: "Piki iko tayari. Nakungoja weye. Cheza."

Niliketi chini, hapo hapo kwenye saruji.

Nikaandika: Papa nivumilie, wateja ni wengi. Butiki ilikuwa tupu.

Saa nane: "Mvua imekuja. Nitaenda kesho. Lakini nakuambia, hata ukijificha mwaka muzima nitakumaliza."

Kambale kimya. Sijui alipo. Nimewatuma wote wawili kwenye hatari, huyu kwa kumwita na yule kwa kumzuia mpaka mvua ikaloesha njia. Rozari nimeianza mara nyingi, sifiki mwisho. Akili inaruka.

Kesho asubuhi siku tatu zinaisha. Mchezo utamwachia aende.

Jumamosi, 18 Mei

Saa moja na dakika chache, telefone ikalia. Mchezo umeandika: umeshindwa. Na chini yake Papa: "Aha! Mwoga. Bon, naenda."

Nilipiga. Hapokei. Nikapiga tena. Haipatikani. Ameshuka kilima. Nikafunga butiki, nikaifungua, nikaifunga. Niliongea kwa sauti na ukuta. Niliwaza, ningemwanzishia ubao wa pili jana usiku, ungemzuia siku nyingine, mbona sikufikiri? Mbona sifikirii mpaka mwisho?

Saa tatu, simu. Namba ya Papa. Nikaipokea kabla haijalia mara ya pili.

Sauti ya Kambale, amepanda kilimani na telefone ya Papa.

"Yaya, nimefika. Nimemukuta anafunga madumu kwa piki. Funguo iko mu mufuko yangu."

Amelala njiani siku tatu, mbili kanisani, moja chini ya turubai la watu asiowajua. Aliniambia alisimama kushoto kwa Papa, karibu kabisa, akamwita kwa jina. Papa akamtafuta kuume. Akageuka mzima, akazunguka kama mutu anayetafuta kuku, ndipo akamwona. Wakaangaliana. Kambale anasema Papa hakukasirika. Alikaa juu ya dumu akasema, "Basi mumenikamata."

Nimelala mchana wote.

Jumapili, 2 Juni

Papa yuko hapa siku ya tano. Walipita Masisi kwanza. Muganga wa hospitali ya kule alisema macho ni mazima, kichwa njo kiliumia ndani. Kushoto kunaweza kurudi kidogo, kunaweza kusirudi. Butiki ya Ntoto ameachiwa jirani. Piki anaendesha Kambale.

Ananisumbua kama nilivyojua. Chai yangu ni nyepesi. Sabuni nimezipanga vibaya. Bega la kushoto limeshagonga kila mlango wa nyumba hii, na kila mara analaumu mlango. Mama Espe amemletea maziwa, akaketi kuume kwake bila kuambiwa na mutu.

Leo baada ya misa alichora kikartoni kwa makaa. Mistari ya kushoto imekosekana, nikaimalizia mimi. Vizibo tuliokota kwa jirani. Tukakaa mlangoni, watu wawili watatu wakasimama kutazama.

Katikati ya mchezo alikuwa na ya kula, pembeni, kushoto. Hakuiona. Akasogeza kete ingine. Waliosimama wakanyamaza. Mimi nikaangalia barabara, nikasema mvua itanyesha, nikanyoosha mkono nicheze yangu.

"Masika."

Abe, Papa.

"Watu wamenyamaza. Nimesahau kula. Puliza."

Nikasema siyo kitu, Papa, tuendelee.

"Puliza. Mimi si mugonjwa, niko nacheza."

Nikapuliza. Fuu. Nikatoa kizibo chake, nikakiweka chini karibu na mguu wangu.

Akageuza kichwa polepole, akaangalia ubao wote mpaka mwisho wake, kona kwa kona. Kisha akanila tatu.