Kwa Tata Thadeus Mogaka, na Kifuniko cha Simu Nilichokiosha

Mwaka mzima umetimia, Tata, tangu asubuhi ya tarehe 14 Agosti 1975 ulipotuaga nyumbani kwetu Birongo. Pareto uliyoiacha ikichanua imekwisha kuchumwa. Koti lako la kazi bado limening'inia nyuma ya mlango, kwa sababu Mama hataki liondolewe, na hakuna kati yetu aliyethubutu kumuuliza kwa nini.

Familia imeniachia mimi, Orpah, binti yako wa kwanza, nikuandikie kwa niaba ya wote. Nimekubali kwa moyo mzito. Kuna neno ambalo ningepaswa kukuambia ukiwa hai, na sasa nitalisema mbele ya wasomaji wa gazeti hili, kwa kuwa nilikukosea hadharani.

Walio wengi wanakukumbuka kwa kazi yako ya simu. Kwa zaidi ya miaka ishirini ulitunza nyaya na vyombo kutoka mjini Kisii hadi Nyamira. Mvua ilipoangusha nguzo, ulitoka kabla ya kuitwa. Katika maduka ya Nyakoe ulikaribishwa chai kabla hujafungua begi la vyombo, na hukuwahi kuondoka kabla ya kumpigia mtu simu ya majaribio na kumuuliza hali ya ng'ombe wake.

Lakini sisi wa nyumbani tunakukumbuka zaidi kwa yale makopo yako. Simu kuukuu zilipoondolewa kazini, uliomba ruhusa, ukachukua vipande ambavyo vingetupwa: mikono ya bakelaiti, ile plastiki ngumu ya zamani, kengele, sahani za namba, skrubu zisizolingana na skrubu nyingine yoyote. Ulivipanga katika makopo kwa koo, kama koo za watu. Ulikuwa ukikiinua kipande kwenye mwanga na kukiuliza, "Wewe ni wa kina nani?" Ndugu yangu Joash na mimi tulicheka mpaka tukafukuzwa.

Ulitufundisha kwamba aliyekitengeneza kipande si lazima awe ndiye aliyelichora umbo lake. Kutoka kwenye kitabu chakavu cha ufundi ulichokiokota ghalani, ulikuwa umegundua kwamba ile simu nyeusi ya mezani, ambayo kila mtu aliiita ya Kiingereza, umbo lake lilichorwa Oslo, nchini Norway, likaundwa huko na kule Sweden, ndipo Waingereza wakalichukua. "Baba yake ni Mwingereza," ulisema, "lakini ujombani kwake ni Oslo. Tazama mabega yake. Mtoto hafichi mabega ya wajomba zake."

Njia yako ya kuvisoma vipande hivyo haikuandikwa kitabuni popote. Rafiki yako Omwenga, mchongaji wa mawe laini kule Tabaka, alikuwa akikuwekea unga mweupe unaobaki jiwe linapopigwa msasa. Uliuhifadhi katika kibati kilichokuwa cha ugoro, mfukoni mwa koti. Alama zilizofutika kwa miaka ya kushikwa na mikono ya watu, ulizipaka unga huo, ukapitisha kiganja mara moja, na herufi zikabaki nyeupe ndani ya weusi. Wakati huo mimi nilikuwa Nairobi, nikijifunza historia ya vitu katika darasa lenye mapazia.

Mwaka 1972 chuo chetu kiliandaa maonyesho ya vyombo vya mawasiliano, yaliyopelekwa mijini. Nilikuwa mkufunzi wa muda, nikisubiri kuthibitishwa, na maelezo ya simu yalikuwa jukumu langu. Ulinitumia kifuniko cha sikioni kutoka kwa simu ya zamani ya duka la Bwana Jaffer, mjini Kisii, kimefungwa kwa gazeti, pamoja na karatasi iliyosema: "Simu ya Jaffer. Mwili Uingereza. Kifuniko hiki ujombani, Oslo. Kimeingia bila kulazimishwa kwa sababu ni ndugu. Usipanguse."

Nilifungua gazeti mbele ya wenzangu. Unga ulimwagika mezani, na mmoja akacheka akiuliza kama kwetu tunafuga simu shambani. Niliona aibu, Tata. Nilidhani ni vumbi la nyumbani. Karatasi yako niliikunja, kwa kuwa neno "ujombani" halikuwa neno la kitaaluma. Nikakichukua kifuniko, nikakiosha kwa maji na sabuni, nikakikausha vizuri. Kisha nikakichunguza kwa lenzi bora kuliko yako, nikaandika kwenye kadi: "Umbo na kazi ya Uingereza. Hakina alama."

Maonyesho yalipofika Kisii, ulikuja umevaa lile koti, pamoja na Mama na Bwana Jaffer. Ulisimama mbele ya sanduku la kioo muda mrefu.

"Mwalimu," ukaniambia kwa upole, "ule unga uko wapi?"

"Nilikisafisha, Tata. Huwezi kuonyesha kitu kichafu."

"Na maandishi?"

"Hakuna maandishi. Nimetazama."

Bwana Jaffer, ambaye hakuwahi kukuonea huruma katika mzaha, akapaza sauti: "Haya Mogaka! Miaka sita umenisumbua na simu yangu, mara ina wajomba, mara ina mabega. Sasa binti kasema haina hata jina! Mwonyeshe basi, mwonyeshe!"

Watu wakageuka. Mwalimu mkuu wa shule iliyotupa ukumbi alikuwa hapo, na mkuu wangu kutoka chuoni pia. Niliuona mkono wako ukiingia mfukoni mwa koti. Ukakaa humo kidogo. Ukanitazama usoni, ukautazama mlango, kisha ukautoa mkono mtupu.

"Wacha, Jaffer," ukasema. "Yeye ndiye amesoma."

Nilifurahi. Naliandika hili kwa sababu ni kweli: siku ile nilifurahi kwamba umenyamaza.

Krismasi ya mwaka uliofuata nilikuja nyumbani. Mchana mmoja uliniita kibarazani, ukatoa kibati, ukapaka unga kwenye kifuniko kingine pacha cha kile, ukapitisha kiganja, ukaninyoshea. Herufi nne zilinitazama, nyeupe, wazi kama zilizochapwa jana. Nikajua mara moja nilichokuwa nimekifanya, na kile ulichokuwa umekishika mfukoni pale ukumbini. Kadi yangu ilikuwa imekwisha kuchapishwa katika kijitabu cha maonyesho, na barua ya kuthibitishwa ilikuwa bado haijaja.

"Unaona nini, mwanangu?"

"Naona vumbi, Tata."

Hukukasirika. Ulikipuliza kifuniko, ukasema, "Basi ni vumbi," ukafunga kibati. Tangu siku hiyo, mtu alipokuuliza habari za simu za zamani, ulimjibu, "Muulize Orpah." Barua yangu ilikuja Machi. Ulichinja mbuzi.

Ningeweza kuendelea kunyamaza. Mwezi uliopita nilipokaa na Mama kuandaa tangazo hili, nilimsomea nilichokuwa nimeandika: upole wako, nguzo, mvua, makopo. Alisikiliza mpaka mwisho, akiendelea kuchambua nafaka ya wimbi.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, Mama."

"Na la kifuniko?"

Nikamuuliza ni kifuniko gani.

"Orpah. Siku ile nilikuwa jikoni, na jikoni kwangu hakuna mlango. Nilikusikia ukisema vumbi. Macho yako ni mazima tangu nikuzae." Akapeta ungo mara mbili. "Alinikataza nisikuseme. Alisema utarudi mwenyewe umwambie. Akangoja. Sasa mimi sijakatazwa tena na mtu. Andika."

Kisha akaenda nyuma ya mlango, akatia mkono katika koti lako, akaniletea kibati.

Nimekwenda nacho Nairobi. Nilimwomba mkuu wangu na wenzangu wote wa idara waje kwenye kabati la vyombo, akiwamo yule aliyecheka. Nikatoa kile kifuniko nilichokiosha, nikakipaka unga wa Tabaka, nikapitisha kiganja kama ulivyokuwa ukifanya. Neno likatokea: OSLO. Halikuwa limeondoka siku zote hizo. Nikawaeleza nani alilisoma kwanza, na nani alilifuta mara mbili, mara ya kwanza kwa kutokujua na mara ya pili kwa kujua.

Mkuu wangu aliniuliza kwa nini sikusema mwaka 1973. Nilimwambia kwamba niliogopa kuonekana nimesahihishwa na fundi, na kwamba fundi huyo alikuwa baba yangu. Aliniambia niandike kadi mpya, na niandike pia masahihisho kwa wote waliopewa kijitabu. Nimeandika. Nimeyatuma kwa shule zote, na nakala ya Bwana Jaffer nilimpelekea kwa mkono wangu dukani. Aliisoma mara mbili akiwa amesimama. "Miaka yote hii namcheka mzee wa watu," akasema, na safari hii hakutania.

Hatukuombi utusamehe kupitia gazeti, kwa kuwa najua ulikwisha kunisamehe pale ukumbini, ulipoutoa mkono mtupu. Hilo ndilo linaloniuma. Tunachoweza ni kulirudisha jina lako mahali pake. Kadi iliyo kabatini leo inasomeka hivi:

"Kifuniko cha sikioni, kutoka simu ya duka, mjini Kisii. Mwili: Uingereza. Ujombani: Oslo. Kimetambuliwa na Thadeus Mogaka, fundi wa simu, Birongo. Usipanguse."

Unakumbukwa na mkeo Bathsheba; wanao Orpah, Joash na Persis; mkwe wako Abigael; wajukuu wako, ambao sasa ndio wanaoyapanga makopo; rafiki zako Omwenga wa Tabaka na Jaffer wa mjini Kisii.

Tutakukumbuka siku zote, Tata, na tutalitaja jina lako.