Erasto Kaifuta Bustani ya Mama

Yustina, uko? Erasto kafuta picha yangu. KAFUTA!

Ile ya bustani ya mama kule Mahurunga, niliyokaa juani siku nne naichora, na mto Ruvuma nyuma yake. Niliiacha barazani ikauke.

Sasa huyu shemeji yangu si fundi wa kupaka rangi nyumba? Leo kaigusa kwa kidole, kaona siku ya tano bado mbichi. Eti, "Shem, umeuziwa rangi feki. Rangi ya mafuta haizidi siku mbili kukauka." Kachukua tina ya kuondolea rangi na tambara, kaisugua yote. Halafu kaipiga rangi nyeupe mikono miwili, tabaka juu ya tabaka, safi kama ukuta!

Nimemwambia rangi za picha hukaa hata wiki mbili bila kukauka. Anajibu, "Basi si urudi ukachore tena?"

Nirudi wapi?! Jumamosi mto umemega ukingo, ukaondoka na bustani yote, migomba na maua ya mama. Na yeye ndiye aliyetuletea habari!

Na anasubiri shukrani, Yustina. Shukrani!

Mama kapiga simu sasa hivi, anauliza kama picha imekauka aje aione. Nimemwambia bado.