Stika ya laptop aliyoninunulia baba

Shoga, uko wapi? Tumepigwa.

Ile laptop niliyonunuliwa na baba ni ya kizamani kabisa. Tumepigwa mchana kweupe!

Nilitaka kujitamba tu. Nikashusha kile kiprogramu kinachotambua prosesa, ule ubongo wa laptop, nikakiweka, nikamwita baba aje aone. Si ndiye aliyeuza mashine yake ya kuchomelea ili niipate? Nikamwambia, "Baba, sasa itajitaja yenyewe."

Ikajitaja. Prosesa ya enzi tuko darasa la tatu! Hiyo hata barua itaiandika kwa kwikwi, sembuse kuchora ramani za majengo.

Nikafunga, nikafungua tena. Jibu lile lile. Nikaizima, nikaiwasha. Lile lile, shoga!

Na ile stika inayong'aa yenye jina la prosesa mpya, ambayo mama huifuta kila asubuhi kwa kitambaa? Baba kaikwangua kwa ukucha, ikabanduka yote. Chini yake kuna nyingine iliyochakaa, ina jina lile lile la kwenye skrini.

Nikasema turudi dukani. Baba akacheka kicheko kikavu. "Duka gani, mwanangu? Nilipita juzi kuulizia chaja, nikakuta wanauza viatu."

Wanauza viatu!

Mara tukasikia mama anafungua mlango. Baba akailamba ile stika kwa nyuma, akaibandika, akaikandamiza kwa kidole gumba. Akaninong'oneza, "Mama yako asijue."

Mama kaingia, katutazama, katabasamu. Kachukua kitambaa chake.